Jinsi ya Kuandika Historia ya Mandhari: Kutoka Picha ya Kale hadi Daftari la Leo

Mtu aliyekulia kando ya mto ulioishiwa samaki huuona mto huo kuwa mzima, maana hana mwingine wa kuulinganisha nao. Mwaka 1995 Daniel Pauly, mtaalamu wa samaki, alieleza jinsi kosa hili linavyowapata hata wanasayansi. Kila kizazi huchukua hali kiliyoikuta mwanzoni mwa kazi yake kuwa ndiyo ya kawaida, kinachofuata nacho hufanya vivyo hivyo, na kipimo huzidi kushuka bila mtu kukiona kikishuka.

Dawa yake ni kumbukumbu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijenga kwa mandhari moja: wanyama na mimea iliyokuwepo, watu walifanya nini hapo, nini kilibadilika na lini. Kazi yenyewe haihitaji maabara. Inahitaji daftari lenye jalada gumu, penseli, kamera au simu yenye kamera nzuri, dira, futi ya utepe ya mita 30, darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za mbele za milimita 42), na mwaka mzima wa kurudi palepale.

Chagua eneo dogo, ulifunge

Wengi hukwama kwa kuchukua eneo kubwa mno. Mtu mmoja au wawili wanaweza kulijua vizuri eneo la kilomita za mraba 4 hadi 10: bonde moja, kilima na mabwawa yake, kipande kifupi cha pwani. Chora mpaka kwenye ramani kabla ya kuanza, na usiuguse tena. Ukiongeza kidimbwi kizuri chenye ndege katika mwaka wa tatu, orodha yako itasema ndege wameongezeka, kumbe kilichoongezeka ni eneo. Ndani ya mpaka huo pawe na sehemu inayotumiwa sana na watu na nyingine isiyotumiwa sana, vinginevyo hutaweza kutenganisha mabadiliko yanayoletwa na mkono wa mtu na yale yanayoletwa na mvua.

Kuna dhana moja ya kuiacha nyumbani kabla ya kutoka: kwamba zamani palikuwa pori tupu, kisha watu wakaja kuharibu. Mara nyingi historia ina mikunjo zaidi ya hapo. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na ndani ya miaka kumi hivi ikawa imefika kusini mwa bara. Iliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha. Wafugaji walikufa njaa, malisho yakawa vichaka, mbung'o wakaingia. Wageni waliopiga picha nyanda hizo baadaye walidhani wanatazama pori la tangu kuumbwa kwa dunia. Kule Serengeti, ugonjwa ulipotoweka kwa wanyamapori mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya ng'ombe wa jirani kuchanjwa, nyumbu walipanda kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni 1 kabla ya muongo wa 1970 kwisha. Anayeanzia picha ya mwaka 1900 anaanzia kwenye maafa, si kwenye mwanzo.

Kinyume chake pia kipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka kusini-magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba mahali palipokuwa na mazizi ya wafugaji wa kale, yaliyohamwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, udongo bado una rutuba kuliko savana inayopazunguka. Samadi ya ng'ombe wa watu waliosahaulika ingali inaotesha majani wanayoyafuata swala wa leo. Kwa hiyo swali la kuandika juu ya daftari si "hali ya asili ilikuwaje?" Andika: hali ilikuwaje mwaka fulani, na nini kiliifikisha hapo?

Nyaraka: pa kuchimba na pa kutilia shaka

Anza na makumbusho na mahali panapotunzwa mimea iliyokaushwa. Lebo ya mmea mmoja uliobandikwa kwenye karatasi ina jina, mahali, tarehe na aliyeukusanya, na mmea wenyewe upo hapo wa kuthibitisha. Hakuna maandishi mengine yanayoweza kukaguliwa namna hiyo. Kisha tafuta ramani za wapima ardhi, picha zilizopigwa kutoka ndegeni, kumbukumbu za misheni na shule, hati za kesi za ardhi (mashahidi hutaja miti ya mipaka mmoja mmoja), na orodha za wawindaji.

Majina yatakusumbua. Jina moja la kienyeji huweza kubeba spishi tatu, na jina la kisayansi nalo huhama. Baada ya mkutano wa kimataifa wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005, jina Acacia lilibakizwa kwa miti ya Australia, na migunga ya Afrika ikahamishiwa Vachellia na Senegalia. Ukikuta Acacia tortilis kwenye orodha ya zamani na Vachellia tortilis kwenye orodha mpya, usiandike kwamba mti mmoja umetoweka na mwingine umeingia. Katika jedwali lako weka safu mbili: jina kama lilivyoandikwa, na jina linalotumika sasa. Ile ya kwanza usiisahihishe kamwe, hata herufi.

Orodha ya wawindaji hueleza waliouawa, si waliokuwepo. Chui 3 kwa siku 5 na chui 3 kwa msimu mzima ni habari mbili tofauti, kwa hiyo tafuta siku, idadi ya wawindaji na aina ya silaha. Usipovipata, tumia orodha hiyo kuonyesha tu kwamba mnyama alikuwepo.

Majina ya mahali nayo ni nyaraka. Paitwapo Mbuyuni pasipo na mbuyu hata mmoja, au Kiboko pasipo na kiboko, panakudokeza jambo. Lakini ni dokezo tu. Huenda palikuwa na mbuyu mmoja mkubwa wa kukutania na si msitu, na huenda jina lilihamishwa na watu waliotoka kwingine.

Picha zina nguvu ya pekee kwa sababu zinaonyesha hata kile ambacho mpiga picha hakukikusudia. Mtafiti Loren McClenachan alikusanya picha za watalii wa uvuvi huko Key West, Florida, za kuanzia mwaka 1956 hadi 2007. Wote wamesimama kando ya samaki wao bora wa siku, wote wanatabasamu. Kwa kupima samaki waliotundikwa aliona wastani wa uzito umeshuka kutoka kilo 19.9 hadi kilo 2.3. Tabasamu halikupungua. Ukitaka kuona kipimo cha watu kikishuka pamoja na maumbile, kiko mle.

Picha ya marudio

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi kwa haraka. Lengo ni kusimama mahali hasa pale alipokuwa mpiga picha wa zamani, si karibu nalo. Hatua tatu pembeni hutosha kuficha bwawa nyuma ya mwamba.

Chapisha picha ya zamani kwa ukubwa wa A4. Weka alama kwenye vitu visivyohama visivyopungua 5: kingo za miamba, vilele, pembe za majengo ya mawe. Miti usiitumie, hata ile unayoamini ni ileile. Kisha tafuta jozi mbili za vitu, kila jozi ikiwa na kitu cha karibu na cha mbali vinavyokaribia kukaa mstari mmoja. Jozi moja iwe upande wa kushoto wa picha, nyingine kulia. Mistari ya jozi hizo mbili ikirefushwa kuelekea kwako, hukutana pale kamera iliposimama.

Ukiwa nyanjani, kanuni ni hii: ukisogea kulia, kitu cha karibu huonekana kikienda kushoto ya kile cha mbali. Kwa hiyo ukiona mwamba wa karibu umekaa kulia mno kwa kilele kuliko kwenye picha ya zamani, wewe nenda kulia. Mwamba ukiwa umekaa kushoto mno, nenda kushoto. Watu hufanya kinyume kwa sababu macho yanataka kuufuata mwamba. Rekebisha jozi moja, halafu ya pili, kisha rudia ya kwanza, maana itakuwa imeharibika kidogo.

Sasa mbele na nyuma. Kwa rula, pima kwenye picha ya zamani umbali kati ya mawe mawili ya karibu yaliyo umbali mmoja kutoka kwako, tuseme milimita 62, na kati ya vilele viwili vya mbali, milimita 31. Uwiano ni 2. Piga picha ya majaribio, ipime vilevile. Ukipata 1.8, uko nyuma mno. Mawe yakiwa mita 100 mbele yako, songa mbele kama mita 10. Uwiano huu hautegemei lenzi wala ukubwa wa chapa, kwa sababu kukuza picha hukuza vyote pamoja. Ndiyo maana si lazima upate kamera ya aina ile ya zamani: piga kwa upana kidogo zaidi, baadaye ukate kingo. Usitumie tu lenzi pana kupita kiasi ya simu, kwani hupinda vitu vya pembeni.

Kivuli hukupa saa na majira. Kivuli cha kitu kinachoonekana vizuri kikianguka mahali palepale kama zamani, uko karibu na saa ileile; na kama tarehe inajulikana, rudi ndani ya wiki mbili za tarehe hiyo. Picha ya masika ikiwekwa kando ya picha ya kiangazi itamdanganya kila atakayeitazama, pamoja na wewe.

Kabla ya kutafsiri, ikague picha ya zamani yenyewe. Negativu, yaani filamu au kioo ambacho picha huchapishwa kutokana nacho, huweza kuchapishwa kinyumenyume, kushoto kukawa kulia, milima itakwambia. Maelezo ya chini mara nyingi yaliandikwa miaka mingi baadaye na mtu mwingine. Na jambo ambalo wachache hulikumbuka: bamba za kioo za mwanzo, zilizotumika kwenye kamera badala ya filamu, zilipokea vizuri mwanga wa samawati, lakini kijani na nyekundu kwa udhaifu. Mbingu ilitoka nyeupe tupu, majani yakatoka meusi na mazito. Kichaka chepesi kwenye picha hizo huonekana kama msitu. Hesabu mashina, usihesabu weusi.

Miti ikiwa imekua mbele na kuziba kabisa, piga kutoka mahali palipo wazi karibu zaidi, uandike umesogea mita ngapi na upande gani. Piga pia moja kutoka mahali halisi, ijapokuwa itaonyesha majani matupu. Ukuta huo wa majani ndio badiliko lenyewe.

Weka alama ya kudumu: kipande cha nondo cha milimita 12 kilichopigwa ardhini hadi kibaki sentimita 5, na lundo la mawe juu yake. Andika vipimo vya GPS, lakini usivitegemee peke yake, kwani simu hukosea mita 5 penye uwazi na zaidi ya 10 chini ya miti. Andika kimo cha lenzi kutoka chini, uelekeo wa dira, saa na tarehe. Ukitumia uelekeo ulioandikwa na mpima ardhi wa zamani, kumbuka kaskazini ya dira huhama mwaka hadi mwaka. Tofauti ya nyuzi 5 hukutoa nje kwa mita 87 katika kila kilomita.

Ili kupata namba kutoka kwa picha hizo mbili, chora juu ya kila moja miraba 10 kwa 10 na uandike kila mraba umefunikwa na nini: miti, vichaka, nyasi, udongo mtupu, maji, shamba, jengo. Linganisha mraba na mwenzake wa nafasi ileile. Usigeuze miraba kuwa hekta, kwa sababu mraba wa juu una ardhi kubwa mara nyingi kuliko wa chini.

Kuwasikiliza wazee, na vijana pia

Ukimuuliza mzee "zamani wanyama walikuwa wengi?" atakujibu ndiyo, na utakuwa hujajifunza kitu. Kumbukumbu ya wingi hutawaliwa na hisia; kumbukumbu ya kazi ni imara. Muulize alichokifanya. "Usiku mlilinda shamba dhidi ya nini?" "Kutoka hapa hadi kisimani, mtoto aliruhusiwa kwenda peke yake?" "Kujaza ndoo moja ya samaki ilichukua muda gani?" "Mara ya mwisho kumwona kwa macho yako ulikuwa wapi, na ulikuwa unafanya nini?" Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu linatenganisha kuona na kusikia. Kwenye daftari weka alama tofauti kwa kila moja: M kwa macho, S kwa kusikia.

Miaka usiiulize kwa namba. Ifunge kwenye matukio: mwaka wa ukame mkubwa, mwaka daraja lilipojengwa, kabla au baada ya kuzaliwa mtoto wa kwanza. Tengeneza mapema orodha ya matukio 8 au 10 ya eneo hilo ambayo tarehe zake zimethibitishwa.

Andaa kadi 20 zenye picha za wanyama, mbili kati yake wawe wanyama ambao hawajawahi kuishi upande ule wa dunia. Anayesema aliwaona usimwaibishe wala usimsahihishe. Endelea kwa heshima ileile, kisha majibu yake mengine yaweke kwenye kundi la ushahidi dhaifu. Mhoji kila mtu peke yake kwanza. Kikao cha pamoja ni kizuri baadaye, kwa kusuluhisha majina na mahali, lakini ukianza nacho utapata jibu la mwenye sauti kubwa likirudiwa mara kumi.

Na usihoji wazee peke yao. Chukua watu wasiopungua 15, uwagawe kwa umri: chini ya miaka 30, 30 hadi 55, na zaidi ya 55. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wavuvi wa Ghuba ya California, Meksiko, uliwauliza watu wa vizazi vitatu ni spishi zipi na maeneo gani ya uvuvi yamekwisha. Wazee walitaja spishi mara tano na maeneo mara nne kuliko vijana. Vijana hawakuwa wakificha. Hawakujua kwamba kuna kitu kimekwisha. Pengo hilo kati ya vizazi ndilo sehemu ya historia ya eneo lako ambayo hakuna picha wala ramani itakayokupa.

Mweleze kila mtu kazi hii ni ya nini na uombe ruhusa kabla ya kurekodi. Akikusimulia uwindaji ambao sasa ni kosa kisheria, andika mnyama na muongo, jina liache nje kabisa, hata kwenye daftari la siri. Kiota cha ndege adimu, pango la popo, mahali vifaru wanaponywea maji: andika kwa mraba wa kilomita 10 tu katika nakala itakayosomwa na watu. Majangili nao husoma.

Kuisoma ardhi yenyewe

Mti uliokulia penye uwazi hutanua matawi mapana kutoka chini. Uliokulia katikati ya wenzake hunyooka na kubeba matawi juu. Ukikuta mti mkubwa wenye matawi mapana ya chini, yaliyokufa au yanayokufa, umezungukwa na miti myembamba iliyonyooka, basi umesimama mahali palipokuwa wazi ule mkubwa ulipokuwa mdogo. Mstari ulionyooka wa miti ya spishi moja huwa ni mpaka wa zamani. Kipande kidogo cha nyasi fupi za kijani katikati ya vichaka, chenye udongo mweusi laini, huenda kilikuwa zizi.

Pima mzunguko wa shina kwa kimo cha mita 1.3, kwa upande wa juu wa mteremko. Kuhesabu pete kwenye kisiki ni jambo zuri penye baridi kali inayosimamisha ukuaji kila mwaka. Penye misimu miwili ya mvua mti huweza kuweka pete mbili kwa mwaka, au mwaka mwingine usiweke hata moja; hapo namba ya pete si umri.

Kutembea na kuhesabu

Joseph Grinnell, mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho ya wanyama ya Berkeley, California, yaliyoanzishwa mwaka 1908, aliwalazimisha wasaidizi wake kuandika kila siku: mahali, hali ya hewa, mitego mingapi ilitegwa, walichokiona na wasichokiona. Aliamini thamani ya kazi hiyo ingeonekana labda baada ya miaka mia. Kati ya mwaka 1914 na 1920 walipima Yosemite, eneo la milima la California. Watafiti waliporudi kwenye njia zilezile mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliweza kuonyesha kwamba nusu ya spishi 28 za mamalia wadogo walizozifuatilia zilikuwa zimepandisha mipaka yao mlimani, kwa kawaida mita 500 hivi. Hilo liliwezekana kwa sababu madaftari yalitaja hata mitego iliyotoka mitupu.

Basi weka njia 4 za kilomita 1 kila moja, zilizonyooka kadiri ardhi inavyoruhusu, na umbali kati yake usipungue mita 300. Zipite sehemu zote za eneo, si zile nzuri tu. Anza nusu saa baada ya jua kuchomoza na utembee polepole, kilomita 1 kwa dakika 40. Kila njia irudiwe mara 4 katika kila msimu. Andika saa ya kuanza na kumaliza, upepo, mawingu, idadi ya watazamaji, na kila mnyama na ndege pamoja na umbali wake kutoka kwenye mstari, pembemraba, kwa mafungu: mita 0 hadi 10, 10 hadi 25, 25 hadi 50, zaidi ya 50.

Mafungu hayo ya umbali wengi huyaruka, halafu hujuta. Vichaka vikiongezeka utaona wanyama wachache hata kama idadi yao haikubadilika, kwa sababu macho hayafiki mbali. Ukiwa na mafungu utagundua: fungu la karibu limebaki vilevile, ya mbali yamekauka. Maana yake ni kwamba umepotewa na uwazi, si na swala.

Sifuri ni taarifa. Njia iliyotembewa bila kuona chochote iandikwe kamili kama nyingine, kwa tarehe na saa zake. Ukurasa unaokosekana utasomeka baadaye kama siku ambayo hukwenda.

Usibadilishe mbinu katikati, hata kwa iliyo bora. Wapenzi wa wadudu wa Krefeld, Ujerumani, walitumia aina moja ya mtego kwa namna moja kwa miaka 27, katika maeneo 63 yaliyohifadhiwa, wakapima uzito wa wadudu walionaswa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uzito wa wadudu warukao umeshuka kwa zaidi ya asilimia 75. Mitego ingebadilishwa njiani, mjadala wote ungekuwa juu ya mitego. Ukilazimika kubadili kitu, tumia mbinu ya zamani na mpya bega kwa bega kwa msimu mzima kwanza.

Andika pia tarehe za kwanza: ua la kwanza la mti fulani, chura wa kwanza kulia, kuwasili kwa ndege wahamao. Tarehe za kuchanua miti ya micheri huko Kyoto, Japani, zimekusanywa kutoka shajara na maandishi mengine tangu karne ya 9. Waandishi wake wengi hawakuwa wakifanya sayansi. Walikuwa wakisubiri sherehe. Chagua mti mmoja mmoja, uupe namba, na uufuate uleule kila mwaka.

Kamera za mtego, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, zina nafasi yake kwa wanyama wa usiku. Funga kwenye shina kwa kimo cha sentimita 30 hadi 50, ielekee kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiipige usoni, na ukate nyasi mbele yake mita 3, la sivyo utarudi kukuta maelfu ya picha za nyasi zikipepea. Iache wiki nne. Baada ya kubadili betri hakikisha saa haikurudi sifuri; picha nzuri ya chui yenye tarehe ya uongo haifai kitu.

Picha za satelaiti husaidia kwa maeneo mapana zaidi. Zile za Landsat, satelaiti za Marekani, zinaanzia mwaka 1972 na zimekuwa bure tangu 2008. Kila nukta ya picha za mwanzo ilifunika upana wa mita 80 hivi wa ardhi, kwa hiyo usitafute humo mti mmoja wala kisima.

Kupanga na kuhifadhi

Chora mstari wa miaka kwenye karatasi ndefu. Juu ya mstari weka kilichobadilika: mnyama alionekana mwisho lini, kichaka kilifunga lini. Chini yake weka walichofanya watu na kilichotokea: barabara, chanjo, bunduki, ukame, sheria mpya, kuhama. Kila alama iwe na herufi ya ushahidi: P kwa picha, L kwa lebo ya makumbusho, M na S kutoka kwa mahojiano, H kwa hesabu yako mwenyewe. Mabadiliko yenye herufi mbili tofauti yaandike kwa uhakika. Yenye S peke yake yaache kwa penseli.

Jihadhari na mambo mawili yaliyotokea mwaka mmoja kudhaniwa moja limezaa jingine. Jiulize kama badiliko lilionekana pia upande wa eneo ambako sababu hiyo haikufika. Ndiyo maana ulichagua mpaka wenye sehemu mbili.

Tengeneza nakala tatu: moja kwako, moja mahali pengine kabisa, na moja ya karatasi kwenye maktaba, shule au makumbusho yatakayoipokea kwa maandishi. Mahojiano na majedwali yachapishwe kwa karatasi, kwani mafaili ya kompyuta hupitwa na programu zake. Tarehe ziandikwe kwa mtindo mmoja, mwaka kwanza: 2025-03-07, ili mtu asije akabahatisha kati ya Machi na Julai.

Mwisho, mwandikie barua ya ukurasa mmoja yule atakayerudia picha zako baada ya miaka 5, na yule wa baada ya 50. Mwelekeze mahali nondo ilipo akianzia kitu kisichohama: "kutoka pembe ya kaskazini ya mwamba wenye ufa, hatua 23 kuelekea kilele cha pili." Kisha pima hatua zako kwa futi, uandike urefu wa hatua moja kwa sentimita, kwa sababu miguu yake haitakuwa kama yako.